Ndama wa Landrova

Rhotia, Karatu
4 Machi 1984

Kaka yangu Hilari,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Barua yako ya Krismasi niliipata Januari, nikaiweka juu ya debe la unga ili nisiisahau, na tangu hapo kila nikichota unga inaniangalia. Nilisema nitajibu mtoto akitulia. Kumbe Evarista hajui kutulia. Ana miezi saba, meno mawili na mkono wa kunyang'anya. Kalamu hii ameichukua mara tatu tangu niandike jina lako hapo juu.

Mama hajambo. Goti lake limekubali kukunjika tena, Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu na kurudi, akatugombeza njia nzima kwamba tunatembea kama watu wanaopeleka maiti. Petronila ameanza darasa la kwanza, sasa anahesabu kila kitu, hata maharage sahanini mwa babake. Mimi nimekonda lakini sina ugonjwa, ni kazi tu. Mwambie wifi Lusia kile kitenge alichonipa siku ya ubatizo ndicho ninachombebea mtoto, na hakijachuja.

Sasa neno lenyewe. Unaikumbuka ngano yetu ya mwaka juzi. Mashine ya kuvuna ilikaa wiki tatu bila dizeli, mvua ikaja, ngano ikaota ikiwa bado kwenye masuke. Deni nalo likaota, tena lenyewe halikungoja mvua. Kuna benki, kuna duka la mbegu, na kuna Wilibrodi aliyetulimia kwa trekta yake. Nikisikia trekta barabarani naingia ndani na watoto kama kifaranga aliyeona mwewe. Nimechoka kuingia ndani, kaka.

Basi Sylvesta ameamua kwenda mahakamani atamkwe kwamba amefilisika, ili wadai wote wakae meza moja waache kumvuta kila mtu upande wake. Hapa kwetu jambo hilo ni geni. Jirani ameuliza, "Mtu mzima analipa nauli mpaka Arusha kwenda kusema ameshindwa?" Mimi nimekubaliana naye mume wangu. Mtu akishindwa aseme, alale.

Karani wa wakili huko Arusha alimpa fomu ya kuandika mali zote tulizo nazo. Ameijaza. Mwezi wa saba ataitwa kuapa juu yake. Wewe ni mtu wa masjala ya mahakama, unaona karatasi hizi kila siku. Nimekunakilia orodha yote nyuma ya barua hii. Itazame kama imekaa sawa, kisha unijibu.

Mdogo wako,
Leonida


Dar es Salaam
2 Aprili 1984

Mdogo wangu Leonida,

Barua imefika na tumeisoma kwa sauti, wifi yako akacheka maneno ya mama mpaka akaunguza mboga. Sisi tuko salama. Joto ni lilelile, foleni ya mafuta ya taa ni ileile, ila safari hii Lusia amepata lita tatu na anatembea kama mke wa waziri.

Nimeitazama orodha. Nimeona majembe manne, cherehani moja, vitanda viwili, ng'ombe watano, kuku ishirini na wawili. Mmeandika hata kinu cha mama, ambacho si chenu. Mmekuwa waaminifu mpaka kwenye kinu! Sasa nauliza: Landrova iko wapi?

Naijua Landrova ile. Ilinunuliwa mwaka sabini na tisa, wakati kampuni za utalii zinauza magari kwa sababu mpaka wa Kenya umefungwa na watalii hawaji. Sylvesta alilipa kidogo kidogo, akamaliza mwaka themanini na mbili, tukachinja mbuzi. Kadi ya gari ina jina lake. Gari lisilodaiwa chochote ndilo la kwanza wadai watakalouliza.

Nisikilize vizuri. Mtu akifilisika, mali yake yote inawekwa mbele ya wadai. Sheria inamwachia nguo, matandiko na vyombo vya kazi vya thamani ndogo. Landrova si kitu cha thamani ndogo. Lakini kuna njia: wadai wanakaa mkutano, na wakiona gari linazalisha kuliko likiuzwa, wanaweza kukubali libaki, deni lilipwe polepole, mahakama ikabariki. Hiyo ni kwa gari lililoandikwa. Gari lililofichwa halina mkutano. Linachukuliwa, na aliyeapa anakwenda ndani. Mwaka jana watu walifungwa kwa kuficha sukari, itakuwa Landrova?

Sijui ni ujinga wa aina gani umeingia nyumba hiyo. Wala usihangaike kuniambia nani alimpa shemeji wazo hilo, hilo si la muhimu. Nijibu moja tu: gari liko wapi?

Kaka yako,
Hilari


Rhotia, Karatu
29 Aprili 1984

Kaka Hilari,

Salaamu nyingi kutoka kwa watu wote wa nyumba hii. Mama anasema kinu chake kifutwe kwenye orodha leo leo, au yeye mwenyewe atakuja Dar.

Umeuliza kuhusu Landrova. Mvua zimenyesha vizuri. Maharage yamefika magotini. Kabichi nazo zimefunga, na kule loji ya mlimani, kwenye ukingo wa kreta, mpishi ameniagiza niongeze trei za mayai maana mpaka umefunguliwa na watalii wameanza kurudi. Unajua mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea mayai na mboga kila Jumanne na Ijumaa. Siku hizi naomba lifti kwenye malori. Wiki iliyopita lori lilinirusha pale kwenye kona za msitu, nikafika na trei nne za mayai na trei tatu za uji. Mpishi aliniangalia, akasema, "Mama Petronila, mimi niliagiza mayai, sikuagiza keki." Tulicheka wote wawili, lakini niliporudi nilikuwa nimekunja shilingi chache mkononi na mtoto mgongoni anakohoa vumbi.

Barua yako Sylvesta aliisoma. Alipofika pale ulipoandika "ujinga wa aina gani" aliikunja mara mbili, akaenda kwa ng'ombe.

Nina swali na mimi. Wewe ni mtoto wa huku, unajua desturi. Mwenye ng'ombe hawafungi wote zizi moja. Anamweka mmoja kwa rafiki huku, mwingine kwa rafiki kule, ili ugonjwa au ukame ukija usimalize ukoo. Anayetunza anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Na anayetunza hasemi. Hata umuulize mbele ya mkewe, hasemi. Basi je, ng'ombe wa namna hiyo, aliye mbali, naye huandikwa kwenye fomu ya mahakama?

Nauliza tu.

Leonida


Dar es Salaam
21 Mei 1984

Leonida,

Hamjambo wote? Lusia ana malaria lakini amepata dawa. Naandika kwa haraka, kuna dereva anakuja Arusha kesho.

Swali lako nimelielewa, si ng'ombe unayemuulizia. Jibu ni ndiyo. Ng'ombe akiwekwa popote ni wa aliyemweka, na huandikwa. Kinachookoa ni kwamba Sylvesta bado hajaapa. Tarehe ya kuapa ni 18 Julai, na siku hiyohiyo wadai watakutana. Kabla ya siku hiyo orodha inaweza kusahihishwa bila mtu kufungwa. Baada ya siku hiyo mimi siwezi kukusaidia, wala mtu yeyote.

Lirudisheni gari kutoka Arash. Lisimame nje ya mahakama, watu walione kwa macho. Fomu ya masahihisho nimeiweka humu ndani, ijazwe kwa wino, si kwa kalamu ya risasi ya Petronila.

Hilari


Rhotia, Karatu
24 Juni 1984

Kaka yangu,

Kaa kwanza ndipo usome, na umwite wifi naye asikie, maana sitaweza kuyaandika haya mara mbili!

Mama mzima, watoto wazima, ng'ombe mwekundu amezaa. Basi, salaamu zimekwisha.

Nilimwambia Sylvesta, "Twende Arash tukalichukue gari." Akalala chali akitazama bati. Akasema, "Nimwambie nini Parsimei? Nilimwomba anitunzie mpaka mambo yapite. Nikienda kabla mambo hayajapita, ni kumwambia simwamini." Parsimei unamjua, ni yule rafiki yake Mmaasai waliyewekeana ng'ombe tangu enzi za marehemu baba mkwe. Nikamwambia, "Mambo hayapiti, Sylvesta. Yanakuja. Yana tarehe." Nikambeba Evarista, nikafunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa na sukari kilo mbili niliyoibembeleza dukani mwezi mzima. Mama akabaki na Petronila na kuku.

Nilipata lifti ya gari la mifugo lililokuwa linapeleka dawa ya josho. Tulipita geti, tukapanda msituni kwenye ukungu, tukazunguka ukingo wa kreta, tukashuka upande wa pili kwenye ile nyika isiyo na mti. Vumbi, kaka! Evarista alifika Olduvai akiwa mweupe kama padri wa zamani. Tulilala kwa wenzao wa mifugo, kesho yake mchana tukaingia Arash.

Boma la Parsimei liko juu ya kijito. Na hapo mbele ya boma, naapa, ilisimama Landrova yetu! Mbuzi sita wamelala uvulini mwake. Kwenye kioo cha pembeni kimetundikwa kibuyu cha maziwa. Nikataka kuikumbatia.

Parsimei akatoka. Tukasalimiana vizuri kwa Kimaasai, takwenya, iko, kisha habari za watoto, mvua, majani. Wazee wengine watatu walikuwa wamekaa naye. Mimi mjinga nikasema mbele yao wote, "Baba, nimekuja kuchukua gari."

Akaniangalia. "Gari? Gari gani?"

"Gari letu."

"Hapa hakuna gari, mama."

Kaka, alikuwa ameliegemea! Mgongo wake uko kwenye mlango wa dereva! Wale wazee wakatazama milima kama hawajapata kuona milima. Mmoja akaniambia kwa upole, "Labda umepotea njia, mama. Jaribu Ololosokwan." Nikakaa chini, nikacheka mpaka machozi, na Evarista akacheka kwa kuniona mimi.

Ndipo nikakumbuka. Anayetunza hasemi. Ningekuwa mimi ni mtu wa benki, angeliegemea vilevile na kukana vilevile. Nilimwona anavyonilinda, nikaogopa. Maana nilijiuliza: je, akiitwa mahakamani?

Wazee walipoondoka akanipeleka ndani, mkewe akatuwekea chai ya maziwa. Nikamweleza yote, sheria, tarehe, kuapa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimesikia. Lakini aliyemweka ng'ombe ni Sylvesta. Mkono uliomweka ndio unaomtoa. Nikimpa mtu mwingine, kesho watu watasema kwa Parsimei ng'ombe anatoka na yeyote."

"Mimi ni mkewe."

"Wewe ni mtu mwema. Si mkono ule."

"Sylvesta hawezi kuja. Ana aibu."

"Basi nitangoja aibu iishe."

"Aibu haiishi kabla ya tarehe kumi na nane, baba!"

Tulibishana hivyo mpaka chai ikapoa. Funguo zilikuwa shingoni mwake, kwenye mkufu wa shanga. Na huyu mtoto wako wa ubatizo, ambaye nimekwambia ana mkono wa kunyang'anya, alikuwa amesogea kwa makalio mpaka magotini pake. Akanyanyua mkono. Akazishika funguo, akazivuta mpaka mzee akainama, akazitia mdomoni.

Parsimei akamwangalia vidole, akamgeuzageuza mkono. Akamwita mkewe, wakasemezana kwa Kimaasai. Mama yule akaanza kucheka, akaja akamtemea mtoto mate ya baraka kichwani. Parsimei akasema, "Hii ni damu ya Sylvesta. Mkono wake umekuja wenyewe." Akavua mkufu ule, akamvalisha Evarista, funguo na kila kitu.

Subiri, hujasikia bado. Tulipotoka nje akanishika bega. "Unamchukua mama mtu peke yake? Na mtoto wake?" Nikadhani anasema Evarista. Akanizungusha nyuma ya boma. Hapo palikuwa na tela. Tela la magurudumu mawili, la chuma, tairi nzima, limepakwa rangi nyekundu.

Akasema, "Naibor amezaa."

Naibor ndilo jina walilompa gari kwa sababu ni jeupe, kama wanavyomwita ng'ombe mweupe. Kumbe Lembris, mpwa wake, aliyekuwa dereva wa madaktari wa mifugo, alikuwa analiendesha: watu kwenda mnada wa Loliondo, ngozi, wagonjwa kwenda hospitali. Nauli walizokula wakasema ni maziwa, ni haki yao. Lakini Lembris alipokwenda kwenye mnada wa vitu vya kambi ya barabara iliyofungwa, alinunua tela kwa nauli za miezi minne. Parsimei akaamua kwamba kitu kinachotoka kwa gari, kina magurudumu na kinamfuata nyuma, hicho si maziwa. Ni ndama. Na ndama ni wa mwenye ng'ombe. Risiti ya mnada ameiandikisha jina la Sylvesta.

Lembris ametuleta mpaka nyumbani, gari mbele na tela nyuma. Sylvesta alipoliona alitoka na shati mkononi. Alizunguka tela mara mbili. Aliligusa kila pembe.

Fomu ya masahihisho tumeijaza leo kwa wino, gari na tela.

Sasa kaka, jambo moja. Mimi nilikuandikia barua mbili juu ya mambo haya. Nimepekua kichwa changu chote, hakuna mahali nilipoandika neno Arash. Hata jina la Parsimei sikuliandika. Ulijuaje gari liko Arash?

Leonida


Dar es Salaam
8 Julai 1984

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Lusia ameomba nimsomee ya mzee aliyeliegemea gari mara nyingine tatu. Alicheka, kisha nilipofika mwisho akaacha kucheka, akaniangalia.

Siku ya ubatizo wa Evarista, mwezi wa kumi, mimi na shemeji tulikaa nyuma ya nyumba na pombe ya mtama. Aliniambia habari za madeni. Nikamwambia, tena huku nacheka, "Ingekuwa ng'ombe ungempeleka kwa Parsimei kule Arash, mambo yakipita unamchukua." Mimi, karani wa mahakama. Nilifikiri ni utani. Lakini nilipoiona orodha haina gari nilijua palepale liko wapi, na badala ya kusema nikaandika ile barua ya ujinga. Niliogopea kazi yangu. Nikitajwa kwamba nimemshauri mdaiwa afiche mali, sina kazi.

Sylvesta hajanitaja kwenu?

Sikiliza ya mkutano. Wadai hawapendi huruma, wanapenda kuona. Chukua daftari la loji lenye trei zako. Usiombe. Toa pendekezo.

Hilari


Rhotia, Karatu
12 Agosti 1984

Kaka Hilari,

Hatujambo wote, na leo nakwambia hatujambo kwelikweli. Mama amerudishiwa kinu chake mbele ya serikali. Petronila amekuwa wa tatu darasani. Evarista anasimama akishika ukuta. Na gari liko nje, ninaliona kwa dirisha ninavyoandika!

Tulikwenda Arusha na gari lenyewe, na tela lake. Parsimei alikuja pia, maana afisa wa ufilisi alitaka shahidi wa hizo nauli. Amevaa shuka mpya, amekaa kiti cha mbele.

Chumba kilikuwa kidogo. Yule bwana wa benki, mwenye duka la mbegu, Wilibrodi na kofia yake. Sylvesta akaapa, akasema gari lilikuwa limewekwa kwa rafiki na sasa limerudi. Afisa akamgeukia Parsimei. "Mzee, gari la huyu bwana lilikuwa kwako?"

"Sijui gari."

Moyo wangu, kaka, ulishuka mpaka kwenye viatu.

"Lile pale nje. Umekuja nalo asubuhi."

"Naliona. Ni zuri. Sijui la nani."

Wilibrodi akapiga paja. "Haya, mnasikia! Mwizi na shahidi wake hawajapatana!" Afisa akaanza kuandika. Nikaona kalamu yake inavyokwenda, nikaona Sylvesta akiwa jela. Nikamkanyaga mume wangu mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu.

Akasimama. Yule mtu ambaye tangu Krismasi alikuwa anaongea na bati, akasimama mbele ya watu wote, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Parsimei! Ng'ombe niliyemweka kwako nimempokea. Na ndama wake nimempokea. Mdomo wako nimeufungua. Waambie watu kwamba nilikuwa nimemficha kwako."

Parsimei akamwangalia, akavuta pumzi, akasema, "Ahaa. Sasa." Na alipoanza hakuna aliyeweza kumzuia. Alitaja kila safari. Alitaja kila mgonjwa na ugonjwa wake. Alitaja mbuzi aliyejifungua ndani ya gari karibu na Malambo. Afisa aliishiwa karatasi. Mwisho akauliza tu, "Na kwa nini ulikana?" Akajibu, "Uliniuliza siri ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa, hajanifungua mdomo." Afisa akakuna kichwa, lakini masahihisho yetu yalikuwa mbele yake, yameingia siku kumi kabla, kwa wino. Akasema yanatosha.

Kisha wadai. Wilibrodi akasimama. "Mimi ninayedai napanda baiskeli, yeye anayedaiwa anapanda Landrova! Liuzwe, tugawane, twende nyumbani."

Nikainuka, Evarista mgongoni. Sikuomba, kama ulivyosema. Nikaweka daftari la loji mezani. Nikawaambia, "Tazameni. Huu ukurasa ni wakati gari lipo: trei kumi na nne kwa wiki, kabichi magunia matatu. Huu ni wakati gari halipo: trei nne nzima, tatu uji. Mkiliuza leo kila mtu atapata fungu mara moja, halafu mtadai uji. Mama anayekamwa hachinjwi. Chukueni ndama, mtuachie mama. Na theluthi ya kila shilingi itakayotoka kwa gari hili ni yenu kwa miaka miwili."

Wilibrodi akauliza, "Ndama gani?"

Nikamwonyesha dirishani. Kaka, huyu mtu ana trekta miaka sita na hajawahi kuwa na tela. Mavuno ya watu anayabeba kwa mkokoteni wa punda. Alitoka nje. Tulimwona anaipiga tairi teke, anainama kutazama ekseli, anapima kwa hatua zake. Aliporudi kofia ilikuwa mkononi. Akasema, "Lina kutu kidogo." Nikamwambia, "Baba Inosenti, liache basi, mwenye duka atalichukua." Akasema upesi, "Sikusema silitaki!"

Alilichukua kwa nusu ya deni lake. Benki wakakubali theluthi. Mwenye duka akakubali kwa sababu alikuwa amebaki peke yake. Gari limebaki! Masharti ni kwamba lisiuzwe, kila mwezi tupeleke hesabu, na lisilale nje ya nyumba yetu. Parsimei aliposikia hilo la mwisho alihuzunika, akasema ng'ombe asiyelala nje hajui majani.

Sylvesta amerudi kula. Jana aliimba akioga. Mimi nimechoka bado, lakini ni uchovu wenye faida. Jumanne na Ijumaa napanda mlimani, mayai yanafika mayai.

Umeuliza kama alikutaja. Hakukutaja. Hakunitajia mimi mkewe, hakumtajia karani wa wakili, na pale mahakamani alisema "nilikuwa nimemficha," peke yake. Barua yako ya ujinga aliisoma, akaikunja, akaenda kwa ng'ombe. Nakupenda, kaka, na kazi yako naiombea. Ndiyo maana nakwambia bila kuzunguka.

Dereva wa loji anarudi kutoka Dar mwisho wa mwezi. Mpe vitu hivi, nitakurudishia pesa mahindi yakiuzwa:

mkanda wa feni wa Landrova, mmoja, mpya, usiwe wa kushonwa;
tyubu mbili za tairi;
plagi nne;
mafuta ya breki, kopo moja;
sabuni ya mche, mitatu, na kama wifi ana kitambaa cha nepi, mita mbili;
madaftari mawili, moja la Petronila na moja la hesabu za kila mwezi;
na barua moja. Hiyo isiwe yangu. Iwe ya Sylvesta, kwa mkono wako, na iwe na neno Arash ndani yake.

Leonida